Makaa Hayaanikwi Kama Dagaa

Mwanangu Tausi,

Shuleni tulifundishwa barua ianze kwa kusema mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Lakini wewe hujawa mbali bado. Uko Katubuka kwa shangazi yako unakula wali wa kuagwa, na mimi niko hapa Ujiji barazani, miguu nimeinyoosha kwenye mkeka, naandika mbio kabla hujarudi ukanikuta na kalamu mkononi ukadhani nimeugua. Mimi na kuandika! Niliishia darasa la tano, mwalimu akasema nina kichwa kizuri ila mdomo unakimbia mbele yake. Basi herufi zikiwa zimelalia upande mmoja kama walevi, zisome hivyo hivyo. Uzima ninao. Na hofu ninayo pia, ila si ile ya kwenye barua.

Sitakwambia ufunge vizuri blanketi, wala usile mayai ya stendi Mpanda. Hayo shangazi yako anakwambia sasa hivi, na kesho alfajiri atayarudia dirishani mwa basi mpaka dereva amwonee huruma. Mimi nataka kusema habari ya Hamimu. Najua umeshusha pumzi hapo. Shusha na nyingine, kisha endelea.

Tangu siku ile niliyokuomba lile jambo, mimi na wewe tunaongea habari za chumvi na sabuni tu. Ulikuwa unaosha vyombo. Nikakwambia: sasa unakwenda kazini kwenye mgodi wa makaa ya mawe, wewe ndiye utakayewaonyesha wateja lipi rundo la kupakia, na Hamimu ni mteja wa huko, lori lake litafika tu. Siku likifika, muonyeshe makaa mabichi yaliyotoka kuchimbwa, yenye maji tumboni, mwambie ndiyo mazuri kuliko yote, akayaanike juani. Ukasema, "Mama, mimi siendi kule kuharibu makaa ya watu." Nami nikasema, "Si ya watu. Ni ya Hamimu." Ukakifunika kikombe kifudifudi, ukaondoka. Ukakifunika taratibu, na hilo ndilo lililoniuma, maana mimi ningekivunja.

Sasa ngoja nikupe hadithi yenyewe. Utasema unaijua. Unaijua ile ninayoisimulia kwenye harusi, yenye vichekesho. Ile ni samaki, mgebuka wa mkaangaji mvivu: nje umeiva, ndani mbichi. Leo nakupa na ya ndani.

Miaka ile mimi nilikuwa mtu, Tausi. Usinione sasa nimekaa na Mama Pili tunachambua mchele na majirani. Pale Kibirizi hapakuwa na mwanamke aliyejua kuanika dagaa kama mama yako, na anayebisha alete wake. Nilisubiri mchanga ushike moto kwanza, ndipo nimwage. Nilimtandaza mwembamba, kila dagaa aone jua lake peke yake asimgombee mwenzake. Nikamgeuza kabla jua halijasimama utosini. Ikifika alasiri, ukimshika mkononi analia kama majani makavu. Wafanyabiashara walitoka mbali wakauliza, "Yuko wapi yule mama wa dagaa wanaolia?" Nimefika Kalemie, nimefika Bujumbura, nimefika Mpulungu na mzigo wangu. Askari wa bandari kule Kongo alinisemesha Kifaransa nami nikamjibu Kiha, kwa sauti ya mtu mwenye haki, akanipisha. Dunia ndivyo inavyokwenda, mwanangu. Ukisema kwa kujiamini, watu hudhani wao ndio hawakusikia vizuri.

Kisha kuni zikawa taabu. Maliasili wakabana, wachomaji wa matofali wakawa wanahangaika na moto. Ndipo Hamimu akaanza kuleta makaa ya mawe kwa boti kutoka kusini, pande hizo za Rukwa unakokwenda wewe. Boti likigusa mchanga tu, yanapakiwa kwenye mkokoteni yanakwenda tanuruni, na shati la Hamimu linazidi kuwa jeupe. Mtu anauza vitu vyeusi na shati jeupe! Iliniudhi hiyo. Nikasema mbele ya wanawake wote wa Kibirizi, "Kama Hamimu anauza mawe yanayowaka, mimi nitauza mpaka moshi wake." Wakacheka wakapigiana viganja. Na mimi ukinichekea tu umeniuza. Nikaagiza boti langu la makaa.

Niliweka humo kila nilichokuwa nacho. Mpaka vile vitenge vya Kalemie nilivyokuwekea wewe sandukuni, ukikua. Hilo hukuwahi kulijua. Ulikuwa unaniuliza vitenge viko wapi, nakwambia panya.

Makaa yakaja yameloa. Mawimbi yaliingia botini, na mvua ikamalizia. Mzee Bukuru, yule Mrundi mchomaji wa matofali wa Katubuka aliyekuwa akikupa miwa, alikuja akashika bonge moja, akalipima mkononi, akalinusa. Akasema, "Mama, haya yatanifukiza moshi tu, nitalia kama niko msibani. Yakaushe kwanza. Yakikauka nayachukua yote." Neno la Bukuru lilikuwa neno. Basi kilichobaki ni kukausha, na kukausha si ndiyo kazi yangu?

Lakini nikaona niulize. Sikiliza hapa, maana kila mtu husema sikuuliza, nilijifanya najua. Niliuliza! Nilimfuata Hamimu pale pale ufukweni, amezungukwa na wapakiaji wake, nikamwambia, "Kaka Hamimu, haya mawe mnayakaushaje?"

Akanitazama. Akatabasamu yale meno yake. Akasema, "Mama Tausi, wewe ndiye wa kuniuliza mimi? Bingwa wa kuanika Kibirizi nzima? Hao nao ni dagaa tu, weusi. Mchanga wa moto, tandaza, geuza."

Wapakiaji wakasema, "Kweli kabisa, mama, dagaa weusi hao." Na mimi kichwa kikavimba kama andazi kwenye mafuta. Bingwa! Mbele za watu! Sikuwaza tena. Ndiyo nikaanika makaa kama dagaa.

Nilisubiri mchanga uchemke. Nikayatandaza membamba, bonge moja moja, yasigombee jua. Nikaita na majirani waje waone. Lilikuwa jua la kiangazi lile linalochoma mpaka vivuli. Hazikupita saa nyingi, nikasikia tak. Kisha tak tak. Kisha ufuko mzima ukawa unadata kama bisi chunguni. Mama Pili akaniuliza, "Shoga, ndiyo yanavyofanya?" Nikamjibu kwa kujiamini kama kule bandarini: "Yanasalimiana na jua." Nikayageuza. Tak tak tak. Nikafurahi, nikadhani maji yanatoka mbio. Na kweli yalikuwa yanatoka mbio! Jioni nikainama nikaokota bonge kubwa kuliko yote, lililokuwa kama kichwa cha mbuzi. Likaachia mkononi. Likawa vigae, vigae vikawa chenga, chenga zikapita katikati ya vidole vyangu zikarudi mchangani. Nikashika jingine. Nikashika jingine. Mzigo wa boti zima ulikuwa umesimama tu kwa heshima, ukiugusa unaanguka.

Bukuru alikuwa ameahidi, akalichukua lile vumbi akajaribu. Vumbi likajaa kwenye midomo ya tanuru likaziba hewa. Matofali yakatoka mekundu kidogo pembeni na katikati udongo mtupu, mvua ya kwanza ikayarudisha kuwa tope. Hakunigombeza. Alikuja amevua kofia, akasema, "Ego, ndiyo hivyo, mama. Moto wako umelala." Afadhali angenitukana.

Hayo yote ningeyasahau, Tausi. Mali huja na kwenda, mimi nimeshakuwa tajiri na maskini mara nyingi, nazijua njia zote mbili. Kilichokaa ni harusi ya Buzebazeba. Wamekaa watu wote wa maana, sinia zimetua, Hamimu anasimama na shati lake jeupe anauliza kwa sauti, "Jamani, mchele huu aliyeuanika nani? Kama ni Mama Mawe, mimi sili. Meno yangu bado nayapenda." Watu wakacheka mpaka sinia zikatikisika. Jina likanishika hapo, kama unavyoliona hadi leo. Na unajua mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka kuliko wote, nikapiga na makofi. Huo ndio ujinga wangu mkubwa maishani, kuliko wa makaa. Ukimchekea anayekucheka, fimbo umempa wewe, na mgongo umempa wewe. Siku hiyo ningesimama nikasema mbele ya wote, "Hamimu, wewe ndiye uliyenituma," mambo yangeishia pale pale. Sikusema. Nilimeza pilau, nikameza na hilo.

Halafu ukaja wewe. Ulirudi kutoka shule sare imechafuka machozi, kumbe wanakuita Binti Mawe. Sikuweza kukufuta machozi. Ukaniuliza, "Mama, kwani kwa nini yalipasuka?" Nikakujibu yalipasuka kwa sababu Hamimu ana jicho baya. Ukanitazama vile mnunuzi anavyomtazama anayemuuzia samaki wa juzi. Ukaenda kwenye gunia la mabaki, ukachagua bonge moja bichi lililokuwa chini kabisa, ukalificha nyuma ya mtungi ndani. Nilikuona. Nikadhani mchezo wa mtoto.

Najisifu kwa watu kuwa ni mimi niliyekupeleka kusomea mawe. Ada nilihangaika nayo, hiyo kweli. Lakini aliyekupeleka ni lile swali, na swali lilizaliwa na maneno ya Hamimu. Unaona mtu huyu anavyoudhi? Hata fahari yangu kuu ina mkono wake ndani.

Likizo ile ulipotoka chuoni, tulisogeza mtungi tufagie, tukalikuta. Zima! Kavu, jepesi, halina ufa. Miaka yote lilikuwa pale kwenye ubaridi wa mtungi, linatoa maji yake kidogo kidogo. Mimi nilitaka kwenda kumwonyesha mganga. Wewe ukacheka, ukanikalisha hapa hapa barazani, ukaushika mguu wangu ukasema, "Mama, tazama magaga yako."

Nikakwambia adabu, binti.

Ukasema, "Sikiliza kwanza. Kiangazi ngozi ya juu ya kisigino inakauka, inajikunja, inataka kuwa ndogo. Nyama ya ndani bado ina maji, haijajikunja. Ya juu inavuta, ya ndani inakataa. Ngozi inafanya nini?"

"Inapasuka."

"Na bonge la makaa ni hivyo hivyo. Maji yamo ndani kabisa. Ukiliweka kwenye jua kali, ganda linakauka mbio linasinyaa, moyo bado umevimba. Linapasuka. Ufa nao unafungua mlango, jua linaingia ndani zaidi, linapasuka tena. Ukija kulilowesha na kulikausha upya ndiyo umelimaliza. Dagaa ni mwembamba, mama, jua likimgusa limeshafika upande wa pili. Lakini bonge halitaki haraka. Lataka kivuli, lifunikwe magunia yenye unyevu, nje na ndani vikauke pamoja."

Sikukwambia siku ile, lakini ulipokwenda kulala nililia. Sikulilia makaa. Nililia kwa sababu maelezo yote yale yalikuwa yanaingia kwenye sentensi moja, na Hamimu angeweza kunipa sentensi hiyo pale ufukweni bila kupungukiwa na kitu.

Ndipo nikaijua na chuki yangu vizuri. Watu wengi chuki zao wanazianika juani. Wanapiga kelele sokoni siku mbili, wanatukana, wanapasua nguo, halafu chuki inakatika vipande na inakuwa vumbi, halichomi hata yai. Mimi yangu niliifunika gunia bichi. Nikaiweka nyuma ya mtungi. Imekauka polepole, nzima, haina ufa. Naiwasha nikitaka, naipulizia nikitaka.

Usidhani nilikaa bure. Nilimuuzia jogoo kwa mkono wa mtu mwingine, jogoo mzuri wa kutazama, mwenye tabia ya kuwika watu wakiwa wamelala fofofo. Alimvumilia Ramadhani nzima kabla hajamchinja, na nikasikia nyama yake ilikuwa ngumu. Nilimwambia kinyozi wake kuwa anapenda upara. Mkewe alipofariki, Mungu amrehemu, nilikwenda nikapika msibani, nikaosha masufuria, nikalala na wafiwa, maana marehemu hakunikosea kitu na alikuwa ananipenda. Lakini Hamimu aliponipa mkono kunishukuru, nilimpa vidole tu. Hata Mama Pili aliona. Akaniambia, "Shoga, msibani?" Nikamwambia vidole ni vyangu.

Juzi amekuja hapa. Wewe ulikuwa umekwenda kuchukua nguo kwa fundi. Nasikia, "Hodi, Mama Mawe!" Mpaka leo, mlangoni kwangu, na fimbo mkononi, na shati lile lile jeupe ila sasa yeye ndiye analegea ndani yake. Nikamkaribisha. Nikampa na chai, maana nyumba yangu haina kosa.

Akasema, "Nasikia mtoto anakwenda kwenye mawe."

"Anakwenda."

"Binti wa Mama Mawe kwenye mawe. Mungu ana mchezo." Akacheka peke yake. "Mwambie akiniona kule asinifiche. Mimi namhesabu mwanangu. Siku hizi makaa yananitesa, nikiyafikisha hapa nusu ni unga. Wapakiaji wananitupia hovyo, vijana wa sasa hawana mikono. Mwambie anichagulie yale magumu."

Nikasema nitamwambia. Nilisema kwa upole mpaka mate yakawa machungu. Nilikuwa naliona lori lake tayari limejaa makaa mabichi, linapanda milima turubai limefunuliwa, tak, tak, tak, mpaka Buzebazeba.

Akanyanyuka, akakumbuka kitu, akatoa kwenye mfuko wa plastiki sweta. Zito, la buluu. Sweta la marehemu mkewe. Akasema, "Ukipanda Ufipa kuna baridi ya kula mifupa, na hawa watoto wa ziwani hawaijui." Akaliweka kwenye mkeka, akaenda zake. Nimelinusa kote kama lina sumu. Lina harufu ya karafuu tu.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho sijamwambia mtu, hata Mama Pili, na wewe unajua Mama Pili namwambia mpaka ndoto.

Kiangazi hiki nilipita Buzebazeba, mbele ya ua wa Hamimu, na kikapu changu kichwani. Nikasikia tak. Miguu ikasimama yenyewe. Ule mlio siwezi kuusahau hata nikizikwa. Nikachungulia. Makaa yake yote yametandazwa juu ya mabati, membamba, kwenye jua la kuchoma vivuli, bonge moja moja, na kijana anayageuza kwa uma. Vile vile. Hamimu amekaa kitini kwenye kivuli, akaniona, akapaza sauti, "Mama Mawe! Njoo utusaidie kugeuza, wewe ndiye bingwa!"

Nikamjibu, "Mshahara wangu huuwezi!" Wakacheka. Nikapita. Lakini njia nzima mpaka nyumbani kikapu kilikuwa kizito kuliko nilivyokibeba.

Maana mtu anayejua, Tausi, mbona anaanika yake mwenyewe?

Nilijaribu kila jibu. Nilisema amezeeka, amesahau. Nilisema ni vijana wake, yeye hakuwaona. Lakini alikuwa amekaa anawatazama! Nikakumbuka kuwa miaka ile yeye makaa hakuwahi kuyakausha, yalikuwa yanatoka botini yanakwenda tanuruni moja kwa moja. Sasa kama hakuwahi kukausha, alijuaje namna ya kunidanganya? Labda lile tabasamu halikuwa la mwizi. Labda lilikuwa la mtu aliyeulizwa asichokijua mbele ya wapakiaji wake, naye hakutaka kusema sijui, akamsifu mwenzake apite. Hayo si ndiyo yale yale ya mimi na askari wa Kongo?

Sitaki kulifikiria hilo. Likiwa kweli, basi miaka yote hii nimemchukia mtu kwa ujinga, na mjinga hachukiwi, mjinga anafundishwa. Na jogoo je? Na vile vidole vya msibani? Nitavipeleka wapi? Hapana. Alijua. Mimi nasema alijua. Kwenye kuapa naapa.

Basi mwanangu, lile ombi nalirudisha. Umenisikia? Usimpe mabichi. Si kwa sababu Hamimu anastahili makavu. Ni kwa sababu siku yako ya kwanza kumdanganya mteja, mtu mwingine atakuwa anatazama, na kesho yake watasema yule binti wa Kigoma ukimuuliza anakupoteza, nawe utabeba jina ambalo hukulianika wewe. Umeshabeba moja langu. Hilo linatosha. Chuki hii ni yangu, nimeilea mimi, wewe ulipewa tu kama watoto wanavyopewa viatu vya wakubwa. Vua.

Lakini usidhani nimeokoka. Nataka kisasi changu, na nimekipata kizuri kuliko cha kwanza, tena hakina uongo hata chembe. Ukikataa na hiki, basi wewe si wangu, uliokotwa bandarini.

Lori la Hamimu likifika, yeye mwenyewe huwa anakuja nalo, anapenda kuonekana. Msubiri ashuke. Awe na dereva wake, na wapakiaji, na wateja wengine kama wapo, ndiyo bora. Mpe shikamoo ya heshima, ile ya kushuka kidogo na magoti. Muulize njia, muulize wa nyumbani. Kisha muulize swali moja tu, kwa sauti ya kusikika, kwa adabu kamili, maneno yale yale niliyomuuliza mimi: "Mzee, haya mawe mnayakaushaje?"

Halafu nyamaza. Hapo ndipo kazi ilipo. Mimi nisingeweza, wewe utaweza. Usimsaidie, usitabasamu, mtazame tu usoni.

Akikujibu kuwa ni kivulini, yafunikwe, yasiharakishwe, basi alijua tangu siku ile, na atakuwa amesema kwa mdomo wake mbele za watu. Ataona mwenyewe alichokisema, utamwona anavyokiona. Hapo mjibu, "Asante Mzee, nitamwambia Mama Mawe." Umpe makaa mazuri kuliko yote mgodini, uyafunge turubai wewe mwenyewe, aende nayo. Nataka yafike mazima, bonge kwa bonge, na kila bonge limkumbushe. Kisha unipigie simu siku hiyo hiyo. Hata kama niko kwenye sala, nitapokea.

Lakini kama atakutazama kwa ule uso wake wa kujiamini, akakwambia, "Mwanangu, si unaanika tu, kama dagaa", na ukaona machoni kuwa anakuambia analoliamini, basi Tausi, mfundishe. Yeye na vijana wake, wote. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, magaga na yote, mpaka aelewe. Usimcheke, wala asichekwe mbele yako.

Na mimi usiniambie. Usinipigie, usiniandikie, ukija likizo usinitajie. Nikikuuliza sema hamkuonana. Niachie chuki yangu, nimeitunza vizuri mno, na katika umri huu sitapata nyingine iliyokauka hivi.

Nasikia sauti yako kwenye kona, unacheka na Mama Pili. Kwa hiyo nakunja. Barua itakuwa ndani ya kiatu chako cha kushoto, cha ngozi, ambacho hutakivaa mpaka ufike.

Sweta nimelitia chini kabisa ya begi, nimelifua kwanza. Livae. Wanasema kule kuna baridi.

Mama yako,
bingwa wa kuanika Kibirizi nzima.